Chupa ya Kumi na Mbili

Jumapili, 6 Julai 2025

Leo nimetoka kanisani kichwa juu! Wakati wa matangazo sikungoja kuitwa. Nilisimama mwenyewe. Nikawaambia: Fancy wangu amerudi kutoka Nairobi, amepata kazi Kericho mjini, hoteli mpya ya chakula cha afya. Hakuna chipsi hapo. Hakuna soda. Kuku wanachomwa bila mafuta, ugali ni wa wimbi, na mboga za managu na sageti zinatoka kwa shamba la nani? Langu! Wakapiga makofi. Mellen, yule katibu wa akina mama, akauliza na ile sauti yake ya sindano: kama hakuna soda, watu wanashushia na nini? Nikasema maji, maziwa lala, juisi ya matunda.

Ni kweli. Nusu.

Ile nusu ingine naiandika hapa, maana hapa hakuna wa kusoma. Bethwel, mume wangu, husoma Kipsigis peke yake, tena ya Biblia. Kiswahili changu ni chumba changu, ufunguo ninao mimi.

Fancy ameajiriwa kuchagua divai. Yeye anasema waini. Huyo mwenye hoteli, Antony Omwenga, kijana wa upande wa Chepilat, anataka aina kumi na mbili tu, zisizo na sukari nyingi, za zabibu ambazo hazikupuliziwa dawa. Kila moja iandikwe kwa menyu mistari miwili: inanuka nini, na inaenda na chakula gani. Jumamosi tarehe 26 mchana anaita wageni waonje. Walimu wa chuo cha Kabianga, mameneja wa mashamba ya chai, watu kama hao. Siku hiyo ikienda vizuri, Fancy anapewa hoteli yote aiendeshe. Ikienda vibaya, Omwenga analeta mtu wa Nairobi.

Lakini itaenda vizuri! Mtoto huyu ana pua. Kule Nairobi alikofanya kazi miaka sita walikuwa wanamfunga macho na kitambaa, wanampa glasi, anataja hata nchi. Mimi darasa la saba, na nimezaa pua kama hiyo.

Pua si yangu. Wala si ya Bethwel. Najua ni ya nani. Sitaandika.

Jumatano, 9 Julai

Nimepeleka mboga mara ya kwanza. Wacha nijisifu kidogo: managu yangu imewekwa kwa sahani nyeupe, katikati, kama bibi harusi!

Hoteli ni safi. Viti vya mbao, maua kwa mikebe. Msichana wa kuhudumia anaitwa Quinter, ametoka upande wa ziwa, mdomo hauna kufuli. Akaniambia, "Mama Fancy, hapa mtu anakuja na tumbo kubwa anaagiza majani, halafu jioni namuona kwa nyama choma. Tunaokoa nusu mtu." Nilicheka mpaka nikashika meza.

Chupa ziko kwa shelfu la mbao karibu na mlango. Nimeziangalia kwa mbali. Mimi nimeokoka tangu 1994 na sijaonja kitu. Lakini ni chupa nzuri, siwezi kudanganya, na jua likipita ndani unaona kama dirisha la kanisa kubwa.

Fancy ana homa. Macho mekundu, pua inatiririka. Nikamwambia apige chafya itoke. Akasema, "Mama, si unajua mimi sipigangi chafya."

Najua.

Chini ya shelfu kulikuwa na alama ya maji. Ya duara. Kubwa kama kitako cha chungu. Quinter anasema anaikuta kila asubuhi akifungua, anapangusa, kesho iko. Omwenga alipanda mpaka juu ya paa kutafuta linapovujia. Hakuna tundu.

Jumamosi, 12 Julai

Fancy amekuja nyumbani bila kupiga simu. Alinikuta nakamua. Akasimama pale kwa boma la ng'ombe na viatu vya mjini, ndani ya matope.

"Mama, sisikii harufu."

Nikasema ni homa, itapita. Akasema homa imeisha tangu Alhamisi. Amekata kitunguu akakiweka puani, hakuna. Amenusa mafuta ya taa, hakuna. Akainama pale pale karibu na mavi ya ng'ombe, mtoto wangu na suruali yake ya kazi, akavuta pumzi. Akanitazama. "Hakuna kitu, Mama. Ni kama dunia imefunikwa na sufuria."

Daktari amesema inaweza kurudi wiki hii, inaweza kurudi mwakani. Wengine hairudi.

Bado wiki mbili. Omwenga hajui. Ameagiza chupa zote, zimefika, lakini maneno ya menyu hayajaandikwa, na Fancy hawezi kuandika asichonusa. Nikamkumbatia. Nywele zake zilikuwa na harufu ya sabuni ya waridi. Yeye mwenyewe haisikii.

Nimemwambia Mungu ni mwema. Nimesema kwa sauti ya kushuhudia. Lakini ndani, kitu fulani kilikaa chini polepole, kama mtu mzima anapokaa kwa kigoda akijua haendi popote.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekuwa pua! Mimi Rebeccah!

Fancy aliniomba jana na machozi. "Nusa tu, Mama. Usionje. Si dhambi kunusa." Nikafikiria. Yesu mwenyewe pale Kana, si lazima alinusa? Nikakubali. Tumekaa stoo ya hoteli, mlango tumefunga, Omwenga ameenda Kisumu. Quinter peke yake ndiye anajua, na ameapa.

Ile ya kwanza, nyeupe. Nikasema: maganda ya limau, na jiwe la mto mvua ikishapita. Fancy akaacha kalamu. "Mama! Ni hivyo hivyo wanasema kwa vitabu." Sasa nani wa kunizuia? Nikaendelea. Ya tatu nikasema: pale juu kiwandani wanaponyausha majani ya chai siku ya mvua. Ya tano, nyekundu: ndani ya kibuyu cha mursik kabla hujatia maziwa, kimesuguliwa na mkaa vizuri. Ya saba nikakataa kusema. Fancy akasukuma. Nikasema: sweta ya mtoto wa shule, Ijumaa jioni.

Akacheka mpaka akalala kwa magunia. "Siwezi kuandika hiyo!"

Quinter akasema kutoka mlangoni, "Andika sufu. Matajiri wanapenda sufu." Ikaandikwa: harufu ya sufu na nyasi kavu, nzuri na kondoo wa kuoka.

Tumefanya saba. Narudi na furaha mpaka nimesahau kikapu. Mtoto wangu ananihitaji na ninaweza. Ni mama wangapi wanaweza kusema hivyo?

Ila kitu kimoja. Tulipokuwa tunacheka kulikuwa na harufu ingine ndani ya ile stoo. Haikutoka kwa glasi. Niliangalia kwa magunia, nikaangalia chini ya meza. Nikajiambia ni viatu vya Quinter.

Alhamisi, 17 Julai

Leo ya nane mpaka ya kumi na moja. Nzuri zote. Ya tisa ni plamu zilizoanguka kwa nyasi nyuki wakazifikia. Ya kumi na moja ni asali na nta ya mshumaa.

Halafu ya kumi na mbili.

Fancy alisema hii ndiyo moyo wa orodha. Nyekundu, lakini imefifia kidogo, ina ukungu ndani kwa sababu hawachuji. Hawatii chachu ya dukani. Wanaiacha ijichemkie yenyewe, kama watu wa zamani. Akamimina. Akanisogezea.

Sikuhitaji hata kuinama.

Wimbi. Wimbi iliyolowekwa ikaota, ikakaangwa, ikachacha. Moshi wa kuni mbichi. Na chungu, chungu chenyewe, kile kina joto ubavuni kama mgongo wa mtoto aliyelala.

"Mama? Inanuka nini?"

Nikasema, "Imeharibika hii. Inanuka maji ya mtaro. Itoe."

"Itoe kabisa?"

"Itoe. Weka ingine."

Aliamini. Kwa nini asiamini? Akachora mstari juu ya namba kumi na mbili. Mkono wangu ulikuwa umeshika meza.

Tulipotoka, Quinter akaniuliza, "Na yule nyanya uliyemleta, haendi na wewe?" Nyanya gani? "Si yule amekaa kiti cha mlangoni. Nimemuuliza ataagiza nini, hajibu. Ananusa tu hewa hivi." Akaonyesha, kidevu juu, macho yamefungwa. "Masikio yake yametobolewa makubwa, yananing'inia mpaka hapa. Aki mimi sijawahi ona."

Kiti kilikuwa tupu. Chini ya shelfu, ile duara. Mbichi.

Ijumaa, 18 Julai

Ng'ombe amekataa kushusha maziwa. Majani ya chai sikuchuma.

Jumapili, 20 Julai

Mellen amenipata kwa lango la kanisa, mbele ya watu. "Rebeccah, nimepita hiyo hoteli yako ya afya. Ile shelfu ya mlangoni ni ya dawa ya kikohozi?" Wakacheka. Nilitembea mpaka nyumbani na viatu mkononi, na sikuona njia.

Sasa naandika. Bethwel ameenda kwa mkutano wa maziwa. Chai imepoa. Wacha itoke.

Mama yake Bethwel aliitwa Taprandich. Nimeliandika. Miaka thelathini na moja halijatajwa kwa nyumba hii. Watoto wangu wanajua "kogo", yaani nyanya, aliyekufa zamani, basi.

Alikuwa anapika maiywek, ile pombe ya wimbi ya wazee, wakikaa wanavuta na mirija mirefu. Hakupika kama kazi. Ilipikwa wakati wa kuomba baraka, wakati wa mahari, wakati wa kumshukuru mtu. Alikuwa na pua! Alinusa mvuke akiwa mlangoni akasema chungu hiki kesho, kile kesho kutwa. Alinusa mgeni kabla hajafika akasema ametoka upande wa Mulot, ana vumbi ya ngano. Mimi nilikuwa mke wa mwanawe na hakunitukana hata siku moja. Hiyo ndiyo inaniuma.

Machi 1994 niliokoka. Kwa mkutano mkubwa, uwanjani. Mhubiri alisema vunjeni madhabahu za nyumbani kwenu. Nikarudi nikiwa nawaka. Kogo alikuwa na chungu kimoja karibu kuiva, cha kubariki mimba yangu. Mimba ya Fancy. Nilikibeba nje nikakimwaga chote, halafu nikakiangusha kwa jiwe. Mbele yake. Alikuwa amekaa kwa kigoda. Aliinua kidevu, akafunga macho, akanusa vile ilikuwa inaingia kwa udongo.

Bethwel aliporudi kutoka kazini nilimwambia chungu kilipasuka. Kogo aliniangalia. Hakunisema. Mei akafa.

Agosti Fancy akazaliwa. Kwa watu wetu, mtoto akizaliwa wanawake wanakaa naye na kuita majina ya wazee waliokufa, moja moja. Likitajwa jina na mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye amerudi, na mtoto anabeba jina lake. Senge Chepchirchir, dada ya Bethwel, ndiye alikuwa anaita. Akaanza na mama yake. "Taprandich."

Mtoto akapiga chafya.

Ndogo, kama ya paka. Alikuwa kwa titi, ndani ya leso. Hakuna aliyesikia ila mimi, tena na ngozi ya kifua. Nikamfinya uso kwa titi. Nikanyamaza. Senge akangoja. Akaita tena, na tena, sauti ikaanza kulia, maana alikuwa anamtaka mama yake. Mimi nikaangalia ukuta. Ikabidi aende mbele. Majina yakaitwa na yakaitwa, mpaka kwa Tapkigen, shangazi wa Bethwel, wa kwanza kubatizwa hapa kijijini. Nikasema, "Amepiga! Nimesikia!" Vigelegele vikapigwa.

Kwa hivyo mtoto ana jina la mtu ambaye hakuja, na aliyekuja alifungiwa nje.

Tangu siku hiyo Fancy hajapiga chafya. Mavumbi, pilipili, homa. Hajawahi hata moja.

Jumanne, 22 Julai

Nilijaribu njia yangu. Nilipeleka mboga mapema, nikaingia na ile chupa ya mafuta ya maombi, nikapaka shelfu. Nikapaka kila chupa. Nikapaka kile kiti cha mlangoni, mikono ya kiti na mgongo wake. Niliomba kwa nguvu mpaka jasho.

Fancy akaja. Karatasi za chupa zimelowa mafuta, mbili zimebanduka. "Mama, umefanya nini?" Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningesikia nafuu. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa, moja moja, na mimi nikapangusa pamoja naye, hatusemezani.

Omwenga akafika. Ni kijana wa heshima, alinisalimia na mikono miwili. Lakini akaangalia menyu akasema, "Fancy, ya kumi na mbili iko wapi? Hiyo ndiyo nilikuajiri kwa sababu yake. Ndiyo uliniambia siku ya interview, ukafunga macho ukaieleza nikakubali kukupa kazi." Akairudisha kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kalamu nyekundu. Akasema Jumamosi ataanza na hiyo.

Fancy akanigeukia. Aliniangalia tu, vile kogo aliniangalia nikisema chungu kimepasuka.

Yale macho. Ni yale yale!

Alhamisi, 24 Julai

Senge Chepchirchir amekuja kututembelea kutoka Bomet. Ana miaka sabini na nane na anatembea kunishinda. Hajamaliza hata chai: "Bot Fancy" — ananiita hivyo, mama Fancy, kwa lugha yetu — "Bot Fancy, nasikia msichana wetu anajua pombe kwa pua. Sasa hiyo ameitoa wapi? Kwenu mlikuwa mnanusa nini, mkate?"

Nikacheka. Kicheko cha kununua dukani.

Akaendelea kula. Halafu akasema, kama mtu anayeongea na sahani, "Siku ile nilijua mama atakuja. Nilijua kabisa. Nilikuwa nimesikia miguu yake kwa nyasi. Nikaita mara tatu. Mtoto akakataa." Akapangusa mdomo. "Nilimkasirikia mama miaka mingi, Rebeccah. Nilisema, kwani sisi tulimkosea nini mpaka akakataa kurudi kwetu?"

Nilisimama nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Senge wa watu amebeba hiyo miaka thelathini na moja. Nilifikiri nimemfungia mmoja nje. Kumbe nimewafungia wawili.

Kabla hajaenda aliuliza kama Fancy alishawahi kupiga chafya tena baada ya hiyo siku. Nikasema sijui. Nimesema sijui! Mimi mama yake, ambaye najisifu najua hata ukubwa wa viatu vyake.

Ijumaa, 25 Julai

Nilipiga simu nimwambie Fancy yote. Akashika. Nikauliza kama amekula.

Jioni Bethwel aliingia na ndoo, akasimama katikati ya nyumba. Ni mtu wa maneno kumi kwa siku. Akasema, "Leo imenuka nyumba ya mama." Akaweka ndoo chini, akatoka.

Jumamosi, 26 Julai

Niko stoo ya hoteli, nimekaa kwa kreti, daftari kwa magoti. Wageni walikuwa waje saa sita. Mvua imeanguka ile ya mawe, paa linapigwa kama ngoma. Wacha niandike upesi kabla mkono haujaanza kukataa.

Fancy amevaa shati nyeupe na suruali nyeusi, nywele nyuma. Mrembo! Asubuhi alinisomea zile kumi na moja, maneno yangu, kwa moyo, hata nukta hakuacha. Jiwe la mto. Kibuyu. Sufu. Mtu angesikiza angesema pua yake ni nzima.

Saa tano na nusu alikuja na glasi moja. Akafunga mlango na mgongo wake.

"Ni ya kumi na mbili," akasema. "Kwa hii sikuandika kitu. Zamani niliijua, Mama, lakini nimesahau, na nikiifikiria naona tu giza. Naanza na hii baada ya nusu saa. Niambie inanuka nini. Na usiniambie mtaro."

Nikaangalia magunia.

"Tangu siku ile unaogopa hii chupa. Nimekuona. Kama nitafukuzwa, nitafukuzwa. Nitapata kazi ingine. Lakini nisifukuzwe kwa sababu mama yangu amenidanganya."

Nikachukua glasi. Ilikuja yote, ule uwanja, lile jiwe, ule udongo ukinywa. Nilitaka kusema moshi. Nilitaka kusema wimbi, ingetosha, angeandika, angeenda. Lakini mdomo ukapita hapo.

Nikasema, "Inanuka mtu."

"Mtu gani?"

Nikaita. Sikusema tu, niliita, vile wanawake wanaita wakikaa na mtoto, na sauti ya kuvuta mtu kutoka mbali.

"Taprandich."

Fancy akafungua mdomo kama anataka kuuliza. Macho yakajaa maji. Kichwa kikaenda nyuma. Halafu akapiga chafya! Kubwa, ya mtu mzima, magunia yakatoa vumbi. Akashika shelfu. Akapiga ingine. Ingine. Akaanza kucheka na kulia pamoja, ameshika uso, mtoto wangu wa miaka thelathini ambaye hajui chafya ni kitu gani. "Mama! Ni nini hii?"

Halafu akajipangusa uso. Akainua kidevu. Akafunga macho.

"Nani amewasha kuni?"

Hapa jiko ni la gesi.

Akachukua glasi mkononi mwangu. Akainamia. Sikumwambia kitu, Mungu ni shahidi, sikuwa nimemwambia hata kimoja. Akasema polepole, "Wimbi. Wimbi imekaangwa. Moshi. Na kitu cha joto, cha udongo…" Akafungua macho. "Huyo ni nani, Mama? Mwite tena."

Nilikuwa nimeshika pumzi nianze kutoka mwanzo, kutoka uwanjani. Omwenga akagonga. Wageni wamefika, wamelowa, wameanza kukaa. Fancy akaweka glasi hapa karibu na mimi, akabeba chupa. Mlangoni akageuka. "Nikirudi utaniambia. Yote."

Nikasema ndiyo. Nimesema ndiyo, na nimeandika hapa nisije nikajifanya sikusema. Na baada yake ni Senge. Na Bethwel.

Namsikia kupitia ukuta. Sauti imesimama wima. Anawaambia waini hii haijachujwa, ina moshi na nafaka, inaenda na ugali wa wimbi na kuku wa kuchoma. Mtu amesema ahaa. Omwenga anapiga makofi mapema kuliko wengine, kijana huyo.

Quinter amechungulia sasa hivi, amebeba trei. "Mama Fancy, yule nyanya amerudi. Amekaa kiti chake cha mlangoni. Na hii mvua yote, aki, nguo yake ni kavu! Nimempa menyu hataki kuishika. Nimpeleke nini? Juisi?"

Nimeangalia hii glasi. Mimi nimeokoka. Mimi ndiye nilimwaga.

Nimeiinua na mikono miwili, kama unavyompa mkubwa kitu. Nikamwambia Quinter, mpelekee hii, na wewe pia ushike na mikono miwili, usiweke kwa trei. Mwambie imetoka kwa Rebeccah, bibi ya Bethwel. Mwambie nilichelewa.

Ameenda. Nasikia viatu vyake. Kimoja, kingine. Vimefika mlangoni.

Huko nje Fancy amenyamaza katikati ya neno.